Kinanda cha staili: cha kuwasha na cha kuzima

Leo tuziache kidogo hifadhidata na simu, tuzungumze juu ya kompyuta ambayo wengi hawaiiti kompyuta. Nasema kile kinanda cha umeme ambacho ukishika kodi moja kwa mkono wa kushoto, ngoma, besi na gita vyote vinaitikia, na mkono wa kulia unabaki na kazi ya kupiga wimbo. (Kodi ya muziki hiyo, si ile ya nyumba.) Wauzaji wanakiita arenja. Huku kwetu nje ya kisiwa cha Mombasa, uwe Kisauni, Likoni au Changamwe, kinaitwa kinanda basi, na mwenye nacho huitwa bendi hata akiwa peke yake.

Mjomba wangu ana kikundi cha harusi pale Mtopanga. Walikuwa saba: yeye mwenyewe kwenye kodiani, akina mama wawili waimbaji, mpiga tashkota, mpiga besi, na vijana wawili wa ngoma, mmoja chapuo na mwenzake vumi. Mpiga besi akapata kazi Doha, akaenda zake. Badala ya kutafuta mwingine, kikundi kikaamua kutoa akiba yake, shilingi 90,000, kinunue kinanda. Nikaitwa mimi. "Wewe mwanangu ndiye mtu wa mitambo," mjomba akaniambia, "tuambie kipi kizuri." Wale vijana wa ngoma walikuwa hapo hapo barazani na hawakusema kitu. Hawakuwa na haja ya kusema. Nani Kisauni hajaona bendi nzima ikigeuka mtu mmoja na spika mbili? Kwa hiyo nilipoulizwa kipi kizuri, nilijua ninaulizwa pia nani atabaki.

Kabla ya sifa na kasoro, kumbukeni kwamba hii si mara ya kwanza kwa pwani yetu kupokea chombo chenye vibonyezo kutoka Japani. Hiyo tashkota mnayoisikia kwenye taarabu ya Mombasa, yenye nyuzi na vibonyezo kama vya mashini ya taipu, asili yake ni taishogoto, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912. Ikavuka Bahari ya Hindi, ikafika kwetu, ikatiwa umeme, na leo ukisikia chakacha za Bi Zuhura Swaleh huwezi kuwaza kwamba chombo kile kiliwahi kuwa cha watu wengine. Hakuna aliyemwomba Mjapani ruhusa. Basi mimi nilipokaa kukipima hiki kinanda kipya nilikuwa na kipimo kimoja tu kichwani: je, kitakubali kufanywa chetu kama tashkota ilivyokubali? Hesabu ya sauti na taa haikunishughulisha sana. Mwuzaji atakwambia sauti 400, staili 200 na kitu. Sawa. Lakini kikundi cha harusi hupiga kwa sauti tano au sita mwaka mzima, na zile nyingine mia tatu na ushei ni za watoto wa nyumbani kuchezea jioni.

Tukifungue sasa tuone kuna nini ndani, maana hapa ndipo mtu wa programu anapopata raha yake.

Staili ni faili. Nazungumzia familia ya Yamaha kwa kuwa ndiyo iliyojaa makanisani na harusini kwetu, na ndiyo ninayoifahamu vizuri. Ukiichukua faili ya staili ukaifungua kwa programu inayoonyesha baiti, herufi nne za kwanza ni MThd, yaani ni faili ya MIDI ya kawaida. MIDI yenyewe ni makubaliano ya tangu 1983, ya vyombo vya kampuni mbalimbali kuzungumza lugha moja. Haisafirishi sauti; inasafirisha amri: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa. Ndani ya faili ya staili kuna alama zinazogawa vipande: mwanzo, sehemu kuu A hadi D, vijazio vya kuvukia kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na mwisho. Kuna chaneli nane: mbili za mdundo, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu za kujaza nyuma, na mbili za vionjo. Baada ya sehemu ya MIDI kuna fungu la ziada liitwalo CASM, na hilo ndilo lenye akili. Linasema kila chaneli ifanyeje mpigaji anapobadilisha kodi.

Kwa kawaida yule aliyeirekodi staili kiwandani alipiga kila kitu kwenye kodi moja ya C. Wewe ukishika F ndogo, mashine inachukua noti zile, inazihamisha, kisha inazirekebisha ziingie kwenye F ndogo kwa kanuni zilizoandikwa kwenye CASM. Besi ina kanuni yake, gita ina yake, na ngoma zinaambiwa zisiguswe kabisa, maana ukiihamisha noti ya ngoma unapata toazi mahali pa chapuo. Mnaoandika programu mmeshaiona hii: ni kitendaji kinachopokea kodi na kurudisha noti. Kinaitwa mara nyingi kwa sekunde wala hakichoki. Hata yale makosa madogo yanayosikika mpigaji asipoviteremsha vidole vyote kwa pamoja, yakasikika kama kodi ya ajabu iliyopita kwa nukta moja, yanaeleweka ukijua hivyo. Mashine imeona vidole viwili kati ya vitatu ikafanya haraka kujibu.

Uzuri wa mpango huu ni mkubwa na sitaki kuupunguza. Mtoto wa kwaya kule Mikindani aliyejifunza kodi tano anaweza kuongoza ibada nzima. Familia ya Chaani isiyoweza kulipa wanamuziki saba inapata harusi yenye muziki na watu wakacheza. Mtu wa bango, ule muziki wa mzee Joseph Ngala wa Freretown, atakuta nusu ya kazi imeshafanywa, kwa sababu bango imekaa karibu na rumba na bosanova, na midundo hiyo imejaa kwenye kila kinanda. Atalazimika tu kumtafuta mtu wa saksafoni, maana saksafoni ya kinanda, hata ile ya bei mbaya, haina pumzi. Na zile nyimbo za mahadhi ya Kihindi, ambazo marehemu Juma Bhalo aliwazoesha watu wa Mombasa kuzipenda, nazo huenda vizuri.

Matatizo yalianza nilipomwomba mjomba apige kitu chake mwenyewe.

Tulikuwa na kinanda cha kuazima. Akapiga wimbo wa zamani ulio katika maqamu ya Rasti. Mkono wa kulia vizuri, ila baada ya baa mbili akakunja uso. "Huyu anaimba uongo," akasema. Alikuwa sahihi kabisa, na ukweli wake unaweza kuandikwa kwa hesabu. Muziki wa Kizungu hugawa oktavu katika nusu toni 12, na kila nusu toni hugawanywa senti 100, kama shilingi yetu. Rasti ikianzia C, noti yake ya tatu haikai kwenye E ya senti 400 wala E iliyoshushwa ya senti 300. Inakaa katikati, karibu na 350. Noti ya saba nayo ina mambo hayo hayo. Fidla inafika hapo, udi unafika, mwimbaji anafika bila kujua kama kafanya hesabu. Kinanda kilichopimwa kwa nusu toni sawa hakifiki. Mtasema kodiani ya mjomba nayo haifiki, na tashkota pia. Ni kweli, lakini hizo hupiga noti moja moja na masikio yamezizoea. Kinanda cha staili kinafanya jambo la pili ambalo ni baya zaidi: kinajaza kodi nyuma. Mama anaimba senti 350, na nyuma yake gita na piano za mashine zinapiga senti 400 kwa kila baa, kwa sauti ya juu, bila haya. Hapo ndipo uongo ulipo.

Vinanda vya daraja la kati vina dawa ya nusu ya kwanza ya tatizo hili. Kwenye Yamaha PSR-S670, iliyotoka mwaka 2015, kuna sehemu ya kurekebisha skeli ambapo unaweza kushusha au kupandisha kila noti kati ya zile 12 kwa senti unazotaka, na kuna mbili zilizo tayari zinazoitwa za Kiarabu. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba unaweza kuchagua marekebisho yaguse sehemu gani ya kinanda. Shusha E na B kwa senti 50 kwenye sauti ya mkono wa kulia tu. Ukiziachia ziguse na staili, besi na gita zitaharibika nazo. Ukimaliza unaihifadhi hali hiyo kwenye kitufe cha rejista. Vitufe viko vinane mbele ya macho. Mjomba sasa ana Rasti kwenye cha kwanza, Bayati kwenye cha pili, Hijazi kwenye cha tatu, na wimbo ukihama maqamu katikati anabonyeza tu. Vile vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waarabu, kama PSR-A2000 na PSR-A3000, au Korg za familia ya Pa zenye jina Oriental, hufanya kazi hii kwa wepesi zaidi na huja na midundo ya khaliji na mingine ya huko. Ukiwa na ndugu Ghuba anayerudi na nafasi kwenye mizigo, mwulizie. Kwa akiba ya 90,000 sisi hatukuweza hata kuvitamani.

Nusu ya pili ya tatizo, yaani kodi za nyuma, haina kitufe. Taarabu ya maqamu si muziki wa kodi. Unakwenda kwa wimbo mmoja ambao wote wanaufuata, kila mmoja na mapambo yake, na chini yake kuna noti ya kukalia. Kinanda cha staili kimejengwa kutoka msingi hadi paa kwa imani kwamba kila muziki una kodi, na kwamba mkono wa kushoto upo kwa ajili ya kuitaja. Ukishika noti moja katika ile hali rahisi ya kidole kimoja, chenyewe kinajaza iliyobaki na kukupa kodi kubwa, yaani ile senti 400 tuliyoikimbia. Nilitumia jioni mbili na kitabu cha maelezo hadi nikapata mlango wa nyuma. Ukiiweka mashine katika hali ya vidole kamili, kisha ukashika C mbili zilizopishana oktavu, inatambua kodi iitwayo 1+8. Ukishika C na G inatambua 1+5. Katika kodi hizo mbili noti ya tatu haimo kabisa! Besi inabaki kwenye mzizi, na kodi za nyuma zinabaki tupu, bila kusema kubwa wala ndogo, na mwimbaji anapata nafasi yake. Nilipomwonyesha mjomba alicheka sana. Kumbe njia ya kupiga taarabu kwenye mashine hii ni kuikatalia kile inachokijua.

Hilo likanifundisha namna ya kuupima mtambo huu, na ndiyo maoni yangu makuu leo. Mwuzaji akikuonyesha kinachowaka, wewe mwulize kinachozimika. Je, naweza kuzima ngoma nikaacha besi? Naweza kuzima gita peke yake? Naweza kuzima ujanja wote nikabaki na kinanda kitupu? Kwenye S670 kila chaneli kati ya zile nane inazimwa na kuwashwa mpigaji akiwa kazini. Pia ina mahali pa kutengenezea staili mwenyewe, kitu ambacho vinanda vya familia ya PSR-E, vile vya wanaoanza, havina, ingawa baadhi yao kama PSR-E463 hupokea staili ya nje kwa flashi. Tofauti ya bei kati ya familia hizo mbili ni kubwa, na kama unanunulia mtoto wa darasa la sita au kwaya ndogo, chukua PSR-E uridhike. Ina wepesi wake, tena nyingi hukubali betri sita za AA, na hilo si dogo penye stima ya kubahatisha.

Tukaja kwenye chakacha. Niliipitia orodha nzima. Kuna polka, kuna tarantela, kuna midundo ya sherehe za bia za Ujerumani. Chakacha hakuna. Sengenya hakuna, mwanzele hakuna. Sikushangaa wala sikukasirika sana, kwa sababu aliyeandika orodha ile alikuwa anawafikiria wateja anaowajua. Nikachukua staili iliyo tayari ya sita kwa nane, nikafuta chaneli za mdundo, na nikawaomba wale vijana wawili waje nyumbani na ngoma zao.

Tulikaa alasiri nzima. Niliwarekodi kwa simu, mmoja mmoja kisha pamoja, nikaweka mapigo kwenye kompyuta na kuanza kuyapima. Hapo nikaona kitu ambacho sikio langu lilikuwa linakijua lakini jicho halijawahi kukiona. Chapuo haikai kwenye gridi. Katika kila mapigo sita, pigo la tano linachelewa kidogo, na kiasi cha kuchelewa hakilingani. Akichangamka linazidi, akichoka linapungua. Vumi yeye yuko imara kama nguzo na ndiye anayemruhusu mwenzake kucheza hivyo. Nikamwuliza yule wa chapuo kama anachelewesha makusudi. Akaniuliza, "Kuchelewesha nini?" Basi.

Niliijaribu kuiandika. Kwa wanaotaka kufuata njia hiyo: faili ya staili inafunguka kwa programu nyingi za MIDI na unaweza kusogeza noti upendavyo, ila programu nyingi zikihifadhi hulitupa lile fungu la CASM, na kinanda kitaipokea faili hiyo kikiwa kama kipofu. Lihifadhi fungu lile pembeni kabla hujaanza, kisha libandike tena mwishoni. Mimi niliandika skripti fupi ya Python ya kufanya hivyo, haizidi mistari arobaini. Matokeo yalikuwa chakacha inayotambulika. Ukiisikia dirishani kwa jirani utasema hiyo ni chakacha. Ukikaa nayo dakika tano utagundua kwamba lile pigo la tano linachelewa vile vile kila mara, na baada ya kugundua huwezi tena kuacha kulisikia.

Na kuna jambo zito kuliko hilo, nalo ni mwendo. Mashine ina saa. Ukiiambia mapigo 110 kwa dakika itapiga 110 hadi mafuta ya jenereta yaishe. Chakacha ya harusi haiendi hivyo. Inaanza pole, akina mama wanaingia uwanjani, ngoma inawatazama viuno, wanakaza, inakaza nao, na baada ya dakika kumi mko mahali pengine kabisa. "Hii haichezwi kwa saa," mjomba alisema. Kuna kitufe cha kugonga mwendo mpya kwa kidole, ndiyo, lakini mpigaji ana mikono miwili na yote ina kazi. Tulijaribu kuzima chaneli za mdundo, tukaacha besi ya mashine, na vijana wakapiga ngoma halisi juu yake. Kwa nyimbo za pole ilikuwa tamu ajabu. Kwa chakacha ilikuwa kama kumfunga mbuzi kwenye treni: kila wakitaka kukimbia, besi inawarudisha. Mashine haiwasikii wale vijana. Haina sikio la kuwasikilizia, ina kodi tu.

Hapa ndipo tulipopata jibu, na lilikuwa la kizamani mno hata nikaona aibu kidogo kwa niaba ya fani yangu. Unazima staili yote. Unagawa vibonyezo mahali pamoja, kushoto unaweka sauti ya besi, kulia unaweka kodiani au fidla. Mjomba anapiga besi kwa mkono wake wa kushoto, kwa mwendo wa ngoma, akiwatazama vijana. Hakuna kitendaji, hakuna CASM. Nafasi ya aliyekwenda Doha imejazwa na mkono wa mzee wa miaka sitini na tatu, ambao siku za mwanzo ulilalamika sana, kwa kuwa kwenye kodiani mkono huo ulikuwa na vitufe vya kodi vilivyomfanyia kazi nusu. Wiki tatu, ukakubali. Tena nimeona faida nyingine: anayetegemea staili mwaka mzima, mkono wake wa kushoto unakuwa kama wa mtu anayepiga muhuri. Ukimzimia mashine ghafla hajui besi iende wapi.

Mtaniuliza, kama ndivyo, si kinanda chochote kingetosha? Kingetosha kwa chakacha. Kwa Rasti na Bayati kisingetosha, na kwa zile nyimbo za mchana za kupokea wageni, ambapo mjomba hubaki peke yake na staili ya kawaida huku wenzake wakila, ile ya bei ndogo ingekuwa nyembamba mno kwenye spika kubwa. Nyimbo zetu ni za aina tatu na mashine inastahili kuwashwa yote kwa aina moja, nusu kwa nyingine, na kuzimwa kabisa kwa ya tatu.

Sasa yale ya udongo na chumvi, kwa ufupi. Kila kibonyezo kina viungo viwili vya mpira wenye kaboni chini yake. Kinanda hupima muda kati ya kiungo cha kwanza na cha pili ili kujua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Hewa ya pwani na vumbi vikiingia hapo, noti moja inaanza kupiga kelele peke yake au kunyamaza. Wengi hudhani kimekufa wakakiuza kwa hasara. Fundi mwangalifu hufungua, husafisha kwa spiriti safi na pamba isiyoacha nyuzi, huacha vikauke kabisa. Usikifunike kwa nailoni kikiwa na jasho la usiku. Mkivuka feri ya Likoni kwenda harusi ya ng'ambo, kibebeni kwenye begi lenye sponji, si kwenye shuka. S670 ina uzito wa kama kilo 8 na bega linaelewa.

Adapta ya S670 ni ya volti 16. Wale wenye kibetri cha ruta ya intaneti nyumbani, kile cha volti 12, msikitumie humo. Stima ikipotea katikati ya wimbo, kinanda kinazimika hapo hapo, na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Jenereta za harusi nazo hupanda na kushuka. Wekeni kifaa cha kusawazisha umeme kati yake na kinanda. Nakala ya staili na rejista iwe kwenye flashi mbili, moja ibaki nyumbani. Na S670 haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo mwimbaji atahitaji mikisa yake. PSR-SX700 na SX900 za mwaka 2019 zinalo, kama mfuko unaruhusu.

Kikundi kilipata S670 iliyotumika, kutoka kwa mpiga kinanda wa kanisa huko Changamwe aliyekuwa anapanda daraja, kwa 76,000. Tuliijaribu saa mbili nzima kabla ya kulipa, kila kibonyezo, pole na kwa nguvu, nawasihi nanyi mfanye hivyo. Katika ile 14,000 iliyobaki, sehemu ilikwenda kwenye begi na kifaa cha kusawazisha umeme, na nyingine vijana waliiomba kwa ajili ya kuwamba vumi upya, kwani ngozi yake ilikuwa imelegea. Mjomba akawapa. Mgao wa kila harusi sasa ni wa watu sita, na kinanda hakina fungu.

Staili yangu ya chakacha bado iko kwenye flashi. Mjomba huitumia akiwa peke yake nyumbani kufanyia mazoezi ya besi. Kijazio cha kutoka sehemu A kwenda B bado kinaruka pigo moja, nadhani nimekosea urefu wa baa kwenye alama; nikikitengeneza nitaiweka hapa ili mwenye kuitaka aichukue.